Hesabu Haina Wenyewe

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini wahenga hao hao hawakutuambia tumfanyeje yule ambaye hataki kuinama kwa sababu ameshaambiwa kwamba huko mvunguni hakuna chake. Huyo ndiye ninayetaka kuzungumza habari zake leo. Utamkuta katika kila shule, kuanzia Ruiru hadi Thika, za bweni na za kutwa. Kipindi cha hesabu kikianza, yeye kalamu yake imelala. Ukimwuliza kulikoni, atakujibu bila kupepesa macho, "Ah, wacha bwana, hesabu ina wenyewe." Akirudishiwa karatasi ya jaribio yenye yai, analichora macho na masikio, darasa zima linacheka, na mambo yanaishia hapo.

Mpenzi msomaji, mimi nasema hesabu haina wenyewe. Wala sisemi hivyo kwa kupiga domo. Ushahidi ninao, na wala haukutoka ng'ambo kwa akina Newton na Gauss. Ushahidi huo ulipita hapa hapa kwetu, ukala githeri ya shule kama sisi, ukaenda zake ulimwenguni.

Jina la Profesa George Saitoti si geni masikioni mwa Mkenya yeyote. Wengi wanamjua kwa siasa. Alikuwa Makamu wa Rais kuanzia 1989 hadi 1997, na tena kuanzia 1999 hadi 2002. Wengine wanamkumbuka kwa msiba wa Jumapili tarehe 10 Juni 2012, wakati helikopta ya polisi ilipoanguka katika msitu wa Ngong, akafariki yeye, waziri wake msaidizi Orwa Ojode, na watu wengine wanne. Lakini hebu uliza darasani kwenu: huyu mtu alikuwa profesa wa nini? Mmoja atasema wa siasa. Mwingine atasema wa uchumi. Wa tatu atasema ati uprofesa ule ulikuwa jina tu la heshima. Kumbe wapi! Saitoti alikuwa mwanahisabati halisi, wa ile hisabati ambayo hata waliosoma sana wanaikimbia, na shule yake ya sekondari ilikuwa Mang'u.

Nianze mwanzo ili nisiruke mambo. Saitoti alizaliwa tarehe 3 Agosti 1945. Utoto wake ulikuwa Umaasaini, na masomo yake ya kwanza aliyapata katika Shule ya Msingi ya Ololua, upande wa Ngong. Msomaji, tafadhali tia akilini nyakati zenyewe. Nchi ilikuwa chini ya Mwingereza. Shule zilitengwa kwa rangi ya ngozi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na za Waafrika ndizo zilizopata makombo. Mnamo Oktoba 1952, akiwa mtoto wa miaka saba tu, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na hali hiyo haikuondolewa mpaka Januari 1960. Kwa hivyo miaka yake ya shule ya msingi ilikuwa miaka ya vipande, kafyu na vizuizi. Isitoshe, mtoto wa Kiafrika aliyetaka kuingia sekondari alipaswa kwanza kushinda mtihani wa KAPE, na nafasi za sekondari zilikuwa za kuhesabika. Wengi waliitwa, wachache wakateuliwa.

Mnamo 1960 Saitoti aliingia Mang'u. Shule hii ilianzishwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1925 kule Kabaa, upande wa Machakos, kisha ikahamishiwa Mang'u katika milima ya Gatundu. Hapo tulipoizoea sisi, kando ya barabara kuu ya Thika ukishapita Juja, ilikuja kuhamia katika miaka ya 1970. Kwa hivyo huyu kijana hakuliona jengo unaloliona ukiwa katika matatu. Hata hivyo shule ni ile ile, na wito wake ni ule ule, tena wa Kiswahili sanifu kabisa: Jishinde Ushinde. Sisi wapenzi wa Kiswahili tungepaswa kujivunia wito huo. Maneno mawili tu, lakini yana mambo. Hayasemi umshinde jirani yako. Hayasemi uwe wa kwanza darasani. Yanasema adui wa kwanza ni wewe mwenyewe, na hasa ile sauti ya ndani inayokunong'oneza kwamba hesabu ina wenyewe.

Mang'u ilikwisha kuwatoa watu kabla ya Saitoti. Mwai Kibaki alisoma pale kuanzia 1947 hadi 1950, akaenda Makerere, akatoka na shahada ya uchumi ya daraja la kwanza mwaka 1955. Tom Mboya naye alisoma pale katika miaka hiyo ya 1940, ila masomo yake yalikatika kwa ukosefu wa karo, akaenda kusomea kazi ya ukaguzi wa afya. Nataka ukumbuke habari hii ya Mboya, maana nitairudia. Kijana aliyekosa karo ndiye aliyekuja kusimamia safari za ndege za kuwapeleka wanafunzi wa Kenya kusoma Marekani. Ndege ya kwanza iliondoka mwaka 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Mlango ambao yeye alifungiwa aliwafungulia wenzake.

Saitoti alimaliza Mang'u mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya iliponyakua uhuru wake. Akapata ufadhili uitwao Wien, ambao ulianzishwa mwaka 1958 kuwasomesha wanafunzi wa kutoka nchi za nje katika Chuo Kikuu cha Brandeis, karibu na mji wa Boston. Huko alisoma hesabu na uchumi mpaka 1967. Hakukomea hapo. Alivuka bahari kwenda Uingereza, akapata shahada ya uzamili ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Sussex, na halafu akajiunga na Chuo Kikuu cha Warwick, akatunukiwa shahada ya uzamifu mwaka 1972 chini ya usimamizi wa Luke Hodgkin. Kutoka Ololua hadi udaktari wa hisabati, umri wake miaka 27! Wangapi kati yetu wakifika miaka hiyo watakuwa bado wanasema "nitaanza kesho"?

Pengine unauliza, huko Warwick alisoma nini hasa? Tawi lake liliitwa topolojia ya kialjebra. Usitishike na jina, rafiki yangu. Nitakueleza kwa Kiswahili chetu, na ukielewa uje unipe asante.

Chukua kikombe cha udongo mbichi chenye mkono mmoja. Ukiwa mfinyanzi hodari, unaweza kukibonyeza na kukivuta polepole mpaka kikawa bangili, bila kukichana na bila kuziba tundu lolote. Tundu la mkono wa kikombe ndilo linalogeuka kuwa tundu la bangili. Kwa mwanatopolojia, basi, kikombe na bangili ni kitu kimoja. Chungwa, kwa upande mwingine, huwezi kuligeuza bangili mpaka ulitoboe. Sasa funga uzi kuzunguka chungwa. Ukiuvuta kwa kuuteleza juu ya ganda, utajikusanya wote mahali pamoja. Lakini uzi uliopitishwa katika tundu la bangili na kufungwa hautoki, uvute mpaka kesho. Kumbe kwa kuchunguza nyuzi tu unaweza kujua kama kitu kina tundu, hata kama hulioni kwa macho! Wanahisabati wakazikusanya nyuzi zote zinazoanzia na kuishia mahali pamoja, wakalichukua kusanyiko hilo kuwa kitu kipya cha kuchunguzwa, kisha wakatafuta nyuzi za humo ndani nazo. Wanazipimaje? Kwa aljebra, hii hii ya x na y tunayoilalamikia. Saitoti aliandika tasnifu yake juu ya mambo ya namna hiyo: nyuzi za nyuzi juu ya tufe. Mtoto wa Ololua alikuwa anapima vitu ambavyo hakuna jicho lililowahi kuviona.

Mwaka huo huo wa 1972 alirudi nyumbani, akawa mhadhiri wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na akafundisha hapo mpaka 1983 alipoingizwa serikalini kuwa Waziri wa Fedha. Mwaka 1976 wanahisabati wa Afrika walikutana Rabat, nchini Morocco, wakaunda Umoja wa Wanahisabati wa Afrika. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Henri Hogbe Nlend wa Kameruni, na Saitoti akachaguliwa kuwa mmoja wa makamu wake, hadi 1979.

Habari za siasa zake sitazichambua hapa. Alikuwa na marafiki na mahasimu. Jina lake lilitajwa katika kashfa ya Goldenberg, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaagiza liondolewe katika ripoti ya uchunguzi. Hayo yana waandishi wake. Mimi shabaha yangu ni yule kijana wa Mang'u mwenye kitabu cha hesabu.

Sasa tumetoka katika historia, tuingie katika maoni. Maisha ya kijana huyu yanatufundisha nini sisi wa Thika na Ruiru?

Kwanza, yanatufundisha kwamba hesabu si damu. Hapa kwetu kuna tabia mbaya ya kugawa vipaji kwa kabila na kwa ukoo. Ati watu fulani wanajua pesa, wengine wanajua mbio, wengine wanajua ng'ombe. Kama hayo yangekuwa kweli, ni nani angetegemea topolojia itoke Umaasaini? Akili Mungu aliitawanya kama mbegu za mwarobaini, hakuipanda kwenye shamba la mtu mmoja. Kinachotofautisha ni nani alipata mwalimu, nani alipata kitabu, nani alipata karo, na nani alikaa chini akasota.

Pili, yanatufundisha kwamba juhudi peke yake haitoshi. Najua hapa kuna watakaonishambulia. Waandishi wengi wa magazeti ya shule hutuambia, "Fanya bidii tu, utafika." Mimi naona huo ni ukweli nusu. Mboya alikuwa na bidii pia, au sivyo? Bado karo ilimkata miguu. Saitoti alipata mapadri waliojua kufundisha, na alipata ufadhili uliomlipia ng'ambo. Bila mlango, mwenye bidii atagonga ukuta mpaka mikono ichubuke. Nafikiri yeye mwenyewe alilijua hilo. Januari 2003, elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa chini ya Rais Kibaki, Waziri wa Elimu alikuwa nani? Alikuwa Saitoti. Watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa shuleni waliingia madarasani. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge akaingia Darasa la Kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84. Ni kweli madarasa yalifurika na walimu wakalemewa, na machungu yake hayajaisha. Lakini nani atasema mlango ungebaki umefungwa?

Tatu, na hapa ndipo pananikera, mlango ule wa Mang'u ulikuwa wa wavulana peke yao. Tunapotaja majina makubwa ya Mang'u tunataja Kibaki, Mboya, Kadinali Otunga, Saitoti, wanaume watupu. Je, mwaka 1960 hapakuwa na msichana mmoja katika Thika nzima aliyeweza kuelewa habari ya nyuzi na bangili? Alikuwepo. Pengine alikuwa anachuma kahawa katika mashamba ya Ruiru au anachota maji ya mto Chania. Hatujui jina lake kwa sababu hakupewa nafasi ya kulijenga. Leo shule za wasichana zipo, na Mary Hill ni mfano mmoja hapa hapa jirani. Lakini ile sauti bado ipo. Msichana akishindwa swali moja la vekta anaambiwa, "Usijali mama, wewe chukua masomo mengine." Mvulana akishindwa swali hilo hilo anaambiwa, "Rudia." Maneno mawili tofauti, na baada ya miaka minne utaona watu wawili tofauti. Ndugu zetu wavulana, mkitucheka tukiwa ubaoni mnatuvunja mbavu kweli kweli, lakini si kwa kicheko.

Haya yote yana uzito leo kuliko jana, nami nitaeleza sababu. Mwaka 2025 nchi yetu ilikuwa na mjadala mkali kuhusu sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12 katika mfumo wa CBC. Wanafunzi wangegawanywa katika mikondo mitatu: sayansi na uhandisi, sayansi za jamii, na sanaa na spoti. Mnamo Machi ilitangazwa kwamba hesabu ingekuwa ya lazima kwa mkondo wa sayansi tu. Wengine, kwaheri ya kuonana! Nakumbuka shangwe zilizosikika miongoni mwa vijana. Wazazi, walimu na wataalamu wakapiga kelele, na Aprili mwaka huo huo Waziri Julius Ogamba akatangaza kwamba hesabu itakuwa ya lazima katika mikondo yote, ila ya aina mbili: nzito kwa wale wa sayansi na nyepesi kwa wengine. Kiswahili nacho kikawekwa katika masomo ya lazima, au Lugha ya Ishara ya Kenya kwa wanaoihitaji.

Mimi naunga mkono uamuzi ule wa Aprili kwa mikono miwili. Lakini sitanyamaza kuhusu hofu yangu. Mtoto wa miaka kumi na mitano akiambiwa achague kati ya nzito na nyepesi, atachagua nini? Wewe mwenyewe ungechagua nini? Na shule ndogo ya kutwa isiyo na maabara wala walimu wa kutosha, itapewa ipi? Naogopa tusije tukawa na hesabu ya matajiri na hesabu ya maskini, nzito kwa shule kubwa zenye majina na nyepesi kwa watoto wa Gachororo, Kiandutu na Kiganjo. Hapo tutakuwa tumerudia mambo ya mkoloni, ila safari hii hatukutenga kwa rangi. Saitoti wa mwaka 1960 alitoka katika shule ya msingi ya kawaida kabisa. Kama angepewa "nyepesi" akiwa Ololua, nani leo angesimulia habari za Warwick?

Wengine watasema, "Sawa, lakini mimi nataka kuwa mwanamuziki, au fundi, au mwuzaji wa nguo Makongeni. Hizo nyuzi za chungwa zitanisaidia nini?" Swali ni zuri. Nami nitalijibu kwa jambo linaloumiza watu hapa Ruiru kila mwaka, nalo ni ploti.

Unajua jinsi mashamba ya kahawa yalivyokatwakatwa yakawa ploti. Mtu anaambiwa ananunua "thumuni ya eka". Thumuni, msomaji, ni sehemu moja kati ya nane. Eka moja ina futi za mraba 43,560. Gawanya kwa 8, utapata futi 5,445. Sasa mwuzaji anampeleka mteja shambani, anamwonyesha mawe manne ya mpaka, na hati inasema futi 40 kwa 80. Zidisha: 3,200. Toa kutoka 5,445, zimepotea futi 2,245. Hiyo ni zaidi ya humusi mbili za ardhi yote! Hata ile ploti ya 50 kwa 100 tunayoisifu ina futi 5,000 tu, bado haijafika thumuni kamili. Mzee aliyeweka akiba miaka ishirini analipa pesa za thumuni, anapewa kipande, na anashukuru. Nani alimwibia? Tapeli, ndiyo. Lakini aliyemshikia tapeli mlango ni yule aliyemwambia mzee huyo utotoni kwamba hesabu ina wenyewe.

Na hapa nawageukia wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, maana wengine walijiunga nasi wakidhani hiki ni chama cha wakimbizi wa hesabu. Umeona nilivyotumia thumuni na humusi? Hayo si maneno ya kubuniwa jana. Kiswahili kina nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri. Kuanzia moja kwa mbili mpaka moja kwa kumi, jina lipo. Wafanyabiashara wa pwani waligawana faida na mirathi kwa maneno hayo kabla ya reli kufika Thika. Jirani zetu wa Tanzania wamefundisha hisabati kwa Kiswahili katika shule zao za msingi tangu miaka ya 1960, na jua halijaacha kuchomoza kwao. Kwa hivyo mtu asituambie ati lugha yetu ni ya mashairi na taarabu peke yake.

Kusema kweli, nadhani wengi wetu hatushindwi na hesabu. Tunashindwa na maneno ya swali. Mtu anasoma swali la Kiingereza mara tatu, anaogopa kuuliza, anaandika lolote, anapata yai. Mwenzake akimwambia tu, "Si wanataka ujue maji yatajaa tangi baada ya saa ngapi?" anashtuka, "Kumbe ni hilo tu!" na analitatua kwa dakika mbili. Hilo nimeliona kwa macho yangu si mara moja. Mtihani utabaki wa Kiingereza, sikatai, na ni lazima tuuzoee. Lakini kuelewa kwanza kwa lugha unayoota nayo usiku si dhambi.

Kwa hayo, nina mapendekezo matatu, na nayataka yasibaki karatasini.

La kwanza: Chama cha Kiswahili na Chama cha Hesabu vikutane angalau mara moja kila muhula. Kila mwanachama alete swali moja la hesabu alieleze kwa Kiswahili ubaoni, bila kutorokea Kiingereza. Asiyejua neno aulize. Tukikosa neno kabisa, tutaeleza kwa mafumbo kama nilivyoeleza habari ya bangili. Anayejua kueleza anajua kweli.

La pili: wavulana na wasichana wa shule za Ruiru, Juja na Thika washindane katika hesabu kama wanavyoshindana katika mpira na drama. Tuna vyuo vikuu mlangoni kwetu: Kenyatta pale Kahawa na Jomo Kenyatta pale Juja. Wanafunzi wa hisabati wa huko wanaweza kualikwa waje watuone. Tusingoje ndege ya kwenda ng'ambo kumwona mwanahisabati wakati nauli ya matatu inatosha.

La tatu ni la walimu wetu, na nalisema kwa heshima na taadhima. Tafadhali msitupange mapema mno. Msituambie katika muhula wa kwanza nani ni wa hesabu na nani si wa hesabu. Mche wa muembe na mche wa mparachichi ukiwa na majani mawili ni vigumu kuutofautisha. Mtupe muda, mtupe swali la pili baada ya kushindwa la kwanza, na mkitukemea basi mtukemee kwa uvivu, msitukemee kwa kuzaliwa.

Nawe mwanafunzi mwenzangu, usidhani nimekusamehe. Mlango ukifunguliwa, miguu ya kuingia ni yako. Hakuna padri aliyemfanyia Saitoti mazoezi yake ya jioni. Hakuna mfadhili aliyekaa naye usiku kule Warwick akitafuta kosa katika mstari wa arobaini wa uthibitisho. Ukiwa katika matatu unaelekea Thika, ukifika Mang'u tazama nje kidogo. Soma wito wa shule ile, kisha utoe kitabu chako cha hesabu, ufungue ule ukurasa uliouruka wiki jana. Anza na swali la kwanza. Likikushinda, muulize jirani yako. Naye likimshinda, muulizeni mwalimu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni kipimo, yaani ni hesabu pia.